Karanga chini ya kopo: historia ya michezo ya ndani kwa watoto wanaochelewa kukua

Zamu yangu ya kuandika historia imefika. Wengi waliotangulia waliandika juu ya vita, wafalme na mipaka, na tulijifunza mingi. Mimi leo naleta historia ya vitu vidogo: kopo tatu, karanga moja, ubao wenye matundu. Mtanivumilia mpaka mwisho, juu mwishoni kuna kazi yetu.

Jambo hili lilinikamata mwezi wa nne, hapa Bukavu, siku ya mvua. Nilienda kumchukua mtoto wa dada yangu mahali wanapolindia watoto nyuma ya masomo. Mnajua hali ilivyo. Mama yuko sokoni, baba yuko kazini ao anatafuta kazi, na mtoto anatoka shuleni saa sita na nusu. Nani atamlinda mpaka jioni? Basi wazazi wanachanga franka kidogo, watoto wanakaa pale. Jua likiwaka wanacheza mpira nje. Mvua ikinyesha, watoto kama arobaini wanaingia chumba kimoja na mlezi mmoja.

Siku ile nilikuta kelele ya kawaida. Wasichana wanapiga makofi na kuimba, vijana wanacheza dame na vifuniko vya chupa. Kwenye pembe, mgongo ukutani, alikaa kijana wa miaka kama 9. Alikuwa anatikisa kifuniko kimoja karibu na sikio lake, anasikiliza, anatikisa tena. Nikamuuliza mlezi: "Mama, huyu naye hachezi na wengine?" Akanijibu bila ubaya wowote: "Ule haiko na akili ya muchezo. Mama yake anamuletaka tu juu asibaki peke yake ku nyumba. Tunamuachaka pale, hasumbuake mutu."

Sikumlaumu. Mtu mmoja na watoto arobaini, utamwambia nini? Lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani: haiko na akili ya mchezo. Kumbe ukifungua historia, unakuta jambo limegeuka kabisa. Ile michezo ya ndani tunayoona katika shule za watoto wadogo za watu wenye uwezo, kupachika maumbo kwenye ubao, kulinganisha rangi, kufunga na kufungua vifungo, loto ya picha, mingi haikuanza na watoto wepesi. Ilitengenezwa kwanza kwa watoto wa kwenye pembe. Tufuate njia hiyo hatua kwa hatua.

1. Kijana aliyechoma mchezo

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1800, kusini mwa Ufaransa, katika jimbo la Aveyron, watu walimkamata kijana wa miaka kama 11 ao 12 aliyekuwa anaishi peke yake porini. Hakusema neno. Alinusa chakula, aliuma watu, alitikisika mbele na nyuma siku nzima. Wakampeleka Paris, kwenye shule ya viziwi. Muganga mkubwa wa wakati ule, Philippe Pinel, alimuangalia na kusema kwamba akili yake ni pungufu tangu kuzaliwa na hakuna la kutumaini.

Muganga mwingine, Jean Itard, kijana wa miaka 26 tu, alikataa kukata tamaa. Akamchukua, akamwita Victor, na mama mmoja, Madame Guérin, akawa mlezi wake wa kila siku. Naomba mshike jina la mama huyo, juu historia inamsahau mara nyingi. Itard aliandika ripoti, lakini aliyemlisha Victor, aliyemuosha na kumtembeza alikuwa Madame Guérin.

Sasa tuje kwenye michezo. Itard alifikiri sawa na sisi: mtoto anapenda vitu vya kuchezea, tumpe. Akamletea vitu vya kila aina, akakaa naye masaa mazima akimuonyesha namna ya kuchezea. Victor alikasirika tu. Alivificha ao kuviharibu. Kulikuwa na mchezo mmoja wa vipande vya mti vinavyosimamishwa chini na kuangushwa kwa mpira, Wafaransa wanauita quilles. Walimchosha nao sana. Siku moja, akiwa peke yake chumbani, Victor alivitupa vyote motoni. Walimkuta anaota moto wake kwa furaha.

Mtu mwingine angesema: mnaona, haiko na akili ya mchezo. Itard aliandika kushindwa kwake wazi, kisha akageuza njia. Alijua Victor anapenda kula. Akachukua vikombe vya fedha, akavifudikiza mezani, akaweka chini ya kimoja tunda gumu sawa na njugu kubwa, Wafaransa wanaliita marron. Victor akanyanyua kikombe, akapata, akala. Kisha Itard akaanza kuhamisha vikombe polepole, Victor akafuata kwa macho. Akaongeza mwendo. Victor akazidi kufuata. Mwishowe Itard akaondoa chakula, akaweka vitu visivyoliwa, na Victor aliendelea kutafuta karibu sawa na mwanzo. Tumbo lilikuwa limefungua mlango, na sasa macho yalikuwa yanafanya kazi kwa sababu ya mchezo wenyewe.

Nyuma ya pale alileta kadi za maumbo na rangi: duara jekundu, pembetatu ya buluu, mraba mweusi. Mtoto anaweka kila moja mahali pa mwenzake. Hapo ndipo inaanza familia kubwa ya michezo ya kulinganisha ambayo leo inauzwa ndani ya maboksi mazuri.

Tusidanganyane: Victor hakujifunza kusema. Nyuma ya miaka kama mitano Itard aliacha kumfundisha, na Victor akaendelea kuishi na Madame Guérin mpaka alipokufa mwaka 1828. Wengine wanaita jambo hilo kushindwa. Lakini mtoto aliyesemwa hana la kutumaini alijifunza kutambua herufi, kusaidia kazi za nyumba, kumliwaza mama mlezi wake alipokuwa na huzuni. Nani kati yetu atasema hiyo si kitu?

2. Ubao wenye matundu

Itard alikuwa karibu kufa alipompa kijana mwingine kazi hii. Jina lake Édouard Séguin, alizaliwa mwaka 1812. Mwaka 1837 alianza na mtoto mmoja tu, Itard akimshauri. Miaka ya 1840 akaingia Bicêtre, hospitali kubwa ya Paris ambamo watoto waliochelewa walifungiwa pamoja na wagonjwa wa akili, kwa jina ambalo leo ni tusi kabisa.

Séguin aliona kwamba mwili unatangulia. Mtoto asiyejua kutuliza mkono wake hawezi kutuliza wazo lake. Kwa hiyo alianza na ngazi, bembea, vitu vya uzito vya kushika mikononi, na michezo ya kuiga: nafanya hivi, nawe ufanye hivi. Kisha mikono, kisha macho, kisha neno. Kati ya vitu vyake kilichobaki mpaka leo ni ubao wenye matundu ya maumbo: duara, mraba, nyota, msalaba. Mtoto anashika kipande cha nyota, anajaribu kwenye tundu la duara, kinakataa. Hakuna haja ya mwalimu kupiga kelele. Ubao wenyewe unamwambia: hapana, jaribu tena.

Hiyo ndiyo siri ya ubao ule. Mtoto anayechelewa amezoea kukosolewa na midomo ya watu siku nzima. Mbele ya ubao hakuna aibu, hakuna anayecheka.

Mwaka 1846 Séguin alitoa kitabu kikubwa kuhusu njia yake. Kisha nyuma ya mapinduzi ya 1848 alihamia Marekani, akafanya kazi kule mpaka kufa kwake mwaka 1880. Mbinu yake ikaenea katika nyumba za watoto waliochelewa kule.

3. Mchezo unageuka mtihani

Hapa historia inachukua kona mbaya, na nyinyi mliosomea pedagojia mnaijua.

Mwaka 1905, Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo cha kwanza cha akili cha namna tunayoijua. Shabaha ya Binet ilikuwa nzuri: kutambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Lakini vipimo vikitoka kwa mwenyewe vinaenda mbali. Miaka ya 1910 kwenye kisiwa cha Ellis, bandari ya New York, waganga waliwapa wageni waliotoka melini vipande vya mbao vya kupanga, na kati ya vitu hivyo kulikuwa na ubao wa Séguin. Wazo lilikuwa kwamba mtu asiyejua kusoma ao kusema Kiingereza anaweza kupimwa kwa mikono. Aliyeonekana akili yake dhaifu angeweza kurudishwa alikotoka.

Fikirieni. Ubao uliotengenezwa ili mtoto ajaribu mara mia bila aibu, sasa unawekwa mbele ya mtu aliyechoka na safari, saa mkononi mwa muganga, na kosa linaweza kumrudisha ng'ambo ya bahari. Mbao ni ile ile, matundu ni yale yale. Kilichobadilika ni swali. Zamani ulikuwa unauliza: mtoto atajifunza nini hapa? Sasa unauliza: huyu anastahili kuingia ao hapana?

Nasema jambo hili juu sisi pia tunalifanya. Mzazi anapeleka mtoto shule ya kwanza, mwalimu anampa vitu vya kupanga, anakosea mara mbili, basi: "Uyu hatamuweza, mumurudishe ku nyumba." Tumekamata mchezo, tumeufanya mlango wa kufunga.

4. Mama muganga wa Roma

Maria Montessori alimaliza uganga mwaka 1896, mmoja wa wanawake wa kwanza nchini Italia kufika pale. Alipoingia hospitali za wagonjwa wa akili za Roma, alikuta watoto waliochelewa wamefungiwa humo. Inasimuliwa kwamba mlezi mmoja alimlalamikia jinsi watoto wale wanavyotambaa chini nyuma ya chakula kuokota makombo, eti ni ulafi. Montessori akaangalia chumba: kilikuwa tupu. Hakuna kitu hata kimoja cha kushika. Akaelewa kwamba makombo yale ndiyo yalikuwa michezo yao.

Alitafuta vitabu vya Itard na Séguin, akavitafsiri kwa Kiitaliano, akaviandika kwa mkono wake mwenyewe ili apate kupima kila neno. Mwaka 1900 akapewa kazi ya kuongoza, pamoja na Giuseppe Montesano, shule ya watoto waliochelewa. Akatengeneza upya vitu vya Séguin: maumbo ya mbao, herufi za kugusa na kidole. Baadhi ya watoto wale walifanya mtihani wa shule za kawaida na kufaulu. Watu wakashangaa. Yeye mwenyewe alishangaa kitu kingine: kama hawa wamefika hapa, wale tunaowaita wazima wanafanyiwa nini huko shuleni mpaka wafanane nao?

Tarehe 6 mwezi wa kwanza 1907 akafungua Nyumba ya Watoto, Casa dei Bambini, katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Sikieni vizuri ilikuwa nini. Lilikuwa jumba la watu maskini. Wazazi walienda kazini asubuhi mpaka jioni, watoto walibaki peke yao, wakachafua kuta na ngazi. Wenye jumba wakataka mahali pa kuwalinda. Ndiyo hiyo tu: mahali pa kulindia watoto wakati wazazi wako kazini, sawasawa na chumba nilichoingia siku ya mvua. Na vitu alivyowaletea vilitoka kwenye shule ya watoto waliochelewa.

Toka pale jina lake likazunguka dunia. Leo katika miji mingi, Afrika pia, ukiona shule yenye jina la Montessori, mara nyingi ada yake inamtosha mtu mwenye gari. Mtoto anayetikisa kifuniko kwenye pembe hatakanyaga pale. Urithi wake umepita mbele yake, umeenda kwa wengine.

5. Brussels, na kilichobaki njiani

Tusogee karibu na historia yetu. Ovide Decroly, muganga Mbelgiji, alizaliwa Renaix mwaka 1871. Mwaka 1901 alifungua mjini Brussels, nyumbani kwake, shule ya watoto ambao shule zingine zilishindwa nao. Aliishi nao, familia yake na wale watoto chini ya paa moja. Mwaka 1907, mwaka ule ule wa San Lorenzo, akafungua shule nyingine ya watoto wa kawaida, Ermitage. Njia ni ile ile: kwanza wale walioachwa, kisha wengine.

Kinachonifurahisha kwa Decroly ni franka. Pamoja na mwalimu Eugénie Monchamp alitoa kitabu cha michezo ya kufundishia mwaka 1914. Michezo yenyewe ni ya kadi, picha na maboksi: tafuta picha inayofanana, panga kubwa na ndogo, panga yaliyotokea kwanza na yaliyofuata. Kule Geneva, Alice Descoeudres aliichukua na kuitumia na wanafunzi wake waliochelewa. Mwalimu yeyote mwenye makasi, gundi na karatasi ngumu angeweza kuitengeneza.

Sasa hesabu wenyewe. Mwaka 1908 Kongo ilikuwa imekuwa koloni la Ubelgiji rasmi. Brussels ile ile iliyokuwa inamsikiliza Decroly ndiyo iliyokuwa inaamua mambo ya shule zetu. Lakini wazee wetu, wakisimulia shule ya wamisionari, wanasimulia katekisimu, kusoma, hesabu, kazi ya shamba na fimbo. Hakuna aliyenisimulia loto ya picha. Mtoto aliyechelewa alibaki nyumbani. Hata Ubelgiji kwenyewe, sheria ya elimu maalum ilifika mwaka 1970, miaka 10 nyuma ya uhuru wetu. Kwa hiyo tulirithi madawati, kengele na mtihani, lakini boksi la michezo halikupanda meli.

6. Na kwetu je?

Kuna mtu atasema: basi haya yote ni mambo ya Wazungu. Ngoja kwanza.

Mwanzo wa karne ya 20, msafiri Mhungaria Emil Torday alifika kwa Wakuba, huko Kasai. Alikuta watoto wa Kibushong wamekaa chini wanachora mchangani. Wakampa mtihani: chora umbo hili bila kunyanyua kidole na bila kupita mara mbili kwenye mstari mmoja. Mgeni akashindwa. Wachokwe nao, kusini, wana michoro yao ya mchangani inayoitwa sona: unaweka nukta kwa vidole, kisha unazizungusha kwa mstari mmoja huku unasimulia hadithi. Mkono, macho na neno vinatembea pamoja. Séguin angeona mchezo ule, angefurahi.

Tazameni kisolo, ile michezo ya mashimo na mbegu. Jirani zetu wa Rwanda wana igisoro: safu 4, kila safu mashimo 8, mbegu 64. Mchezo kamili ni mgumu, unataka hesabu ya haraka. Lakini ondoa sheria zote, bakiza jambo moja: tia mbegu moja kila shimo mpaka ziishe mkononi. Tayari una zoezi la vidole, la kuhesabu moja kwa moja, la kungoja zamu. Na vitendawili vya jioni, ni kazi gani kama si kukaza masikio na kukumbuka?

Lakini hapa pia tuseme ukweli, tusipambe mambo ya zamani. Jikoni kwa bibi, watoto wa umri wote walikaa pamoja, aliyechelewa alipata nafasi kati ya wadogo zake bila mtu kuuliza ana miaka mingapi. Hilo lilikuwa jema. Upande mwingine, kulikuwa na watoto waliofichwa chumba cha nyuma wageni wakifika, kulikuwa na mama walioambiwa wamerogwa, na mpaka leo kuna watoto wanaoitwa wachawi kwa sababu tu wanasema na ukuta. Michezo tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu aliyefikiri kwamba mtoto yule naye inamhusu.

7. Wamama walioazimisha vitu vya kuchezea

Tumeona waganga wengi, lakini hatua inayotugusa zaidi ilifanywa na wazazi. Mwaka 1963, Stockholm, Uswidi, wamama wenye watoto walemavu walianzisha Lekotek, mahali ambapo mzazi anakuja na mtoto, anaonyeshwa mchezo unaomfaa, anauazima na kwenda nao nyumbani, kisha anaurudisha. Mwaka 1967, Enfield, karibu na London, mama Jill Norris, aliyekuwa na watoto wawili wenye ulemavu, alianza kuazimishana vitu vya kuchezea na wazazi wengine. Toka pale maktaba za namna hiyo zikaenea Uingereza.

Hawakungoja serikali ijenge jengo. Waliona kwamba kitu kimoja cha kuchezea, kikizunguka nyumba kumi, kinafanya kazi ya vitu kumi. Sisi watu wa likelemba tunashindwa kuelewa hilo? Franka tunazungusha, sufuria za harusi tunazungusha. Boksi la michezo nalo linaweza kuzunguka.

8. Karatasi tunazo

Kwa upande wa sheria, nchi yetu haiko nyuma. Mapatano ya haki za mtoto ya 1989, ambayo kifungu chake cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza, Kongo, wakati ule Zaire, iliyakubali mwaka 1990. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inamtaja mtu mwenye ulemavu na haki yake ya kulindwa kwa namna inayolingana na mahitaji yake ya mwili, akili na roho. Kuna sheria ya kumlinda mtoto ya 2009. Mwaka 2015 nchi iliingia katika mapatano ya dunia ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe juu ya haki hizo.

Karatasi ziko, tena nzuri. Lakini karatasi haijui kukaa chini kwenye mkeka saa tisa ya mchana na mtoto mmoja.

9. Nilivyorudi na kopo

Juma lililofuata nilirudi pale na kopo tatu za plastiki na mfuko wa karanga. Nilijiona mjanja, mwanafunzi wa Itard. Nikakaa chini karibu na yule kijana, nikaweka karanga chini ya kopo. Hakuangalia. Nikaweka tena. Akaendelea na kifuniko chake sikioni. Mara ya tatu alisukuma kopo na mguu, karanga zikamwagika, wadogo wakazila zote wakicheka.

Nilikuwa karibu kunyanyuka niende, kisha nikakumbuka quilles zilizochomwa. Itard hakuanza na karanga kwa sababu karanga ni nzuri. Alianza na kile Victor alichopenda. Huyu wangu hapendi karanga, anapenda kifuniko. Nikatoa kifuniko kingine mfukoni, nikakigonga mara mbili chini, tik tik, nikakifunika. Akageuza kichwa. Akanyanyua kopo, akakichukua, akakipeleka sikioni. Nikaweka kingine. Mara ya nne kopo zilikuwa mbili, akanyanyua lile la kweli. Nilipozihamisha polepole, macho yake yalifuata.

Dakika kumi hivi, kisha akachoka, akarudi ukutani. Hakusema neno, na mpaka leo hasemi. Sikuleta muujiza. Lakini msichana mmoja mdogo alikuwa ameangalia yote. Siku niliyorudi nilikuta yeye ndiye anayefunika, naye ndiye anayetafuta, na yule mlezi aliyesema haiko na akili ya mchezo akaniambia: "Kumbe anacheza. Kopo zako uziache hapa."

Basi wandugu, kazi yetu ni hii. Kati yetu kuna walimu, waganga, maseremala, washonaji. Mmoja akate ubao wenye matundu manne, pembe zisugulike vizuri zisichome. Mwingine ashone kitambaa chenye vifungo vikubwa. Mwingine akate karatasi za maboksi atengeneze loto ya vitu tunavyovijua: ndizi, sambaza, babula, pikipiki, si theluji na treni. Vifuniko na mbegu viwe vikubwa kwa watoto wanaotia vitu mdomoni, na mtu mzima awe karibu kila mara. Tuanze na boksi moja, lizunguke vituo vitatu vya kartiye yetu, juma moja kila kituo. Tusimpime mtoto nalo, tusiandike alama. Tuandike tu kwenye daftari: leo ameangalia nini, amependa nini, amechoka wakati gani. Na mkutano ukifika, mzazi wa mtoto kama huyo aseme wa kwanza, sisi wenye diploma tusikilize.

Kutoka Victor mpaka leo ni miaka zaidi ya 220. Michezo hii ilitoka kwa watoto wa kwenye pembe, ikazunguka dunia, ikatajirisha wengine. Tuirudishe kwa wenyewe. Mwenye msumeno ao makasi aniandikie, ubao wa kwanza tutaukata jumamosi.